Nimelipia nakala za barua za Bill Arp, wakanisahihishia tahajia!

Nina hasira na huduma ya nakala iliyonihudumia, nisamehewe. Charles Henry Smith, mwanasheria wa mji wa Rome, Georgia, alianza mwaka 1861 kumwandikia Rais Lincoln wa Marekani barua za dhihaka magazetini kwa jina la Bill Arp, kwa Kiingereza cha mtu asiyesoma sana. "Linkhorn" aliandika kwa makusudi. Kwenye maandishi niliyochapiwa kutoka kwenye picha za barua ni "Lincoln" mwanzo hadi mwisho. Kichekesho chote kimekwenda!

Kosa lenyewe ni la kizembe. Programu ya kusoma maandishi kwenye picha ikiachwa na kamusi yake, neno isilolijua hulibadilisha kwa linalofanana nalo. Kamusi huzimwa kwanza, kisha mtu analinganisha mstari kwa mstari na picha. Hapa hakuna aliyelinganisha. Na kilichopotea si kicheko tu. Safu zake za gazeti la Atlanta Constitution, alizoanza 1878 na kuendelea nazo hadi uzeeni (alifariki 1903), ziliiachilia mbali tahajia ile mbovu. Kipande cha gazeti kisicho na tarehe, tahajia ndiyo dalili ya kwanza ya umri wake. Ukiinyoosha, barua ya wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani na safu ya uzeeni huzitofautishi. Tena aliitetea Kusini, majimbo yaliyojitenga vitani, na aliyoyaandika kuhusu watu weusi yanachukiza. Mtu wa namna hiyo lazima asomwe kama alivyoandika, bila kupakwa poda.

Haki yao niwape: picha ni safi. Rangi kamili, nukta 400 kwa inchi, kingo zote nne zinaonekana. Karatasi ya gazeti ya massa ya mbao hugeuka kahawia na kuvunjika kwenye mikunjo, lakini hapa hakuna herufi iliyofichwa na mkunjo. Nilitaka kuwapa nyota tatu. Nikauliza kuhusu tahajia, nikajibiwa kwa dharau kwamba wamenirahisishia kusoma. Nani aliwaomba? Nyota moja.

Ingawa kwa picha peke yake ningeagiza tena, hata kesho. Taja namba ya boksi na ya jalada, kataa maandishi ya kuchapwa, na dai upande wa nyuma wa kila kipande upigwe picha pia: tangazo la mnada au la duka lililobaki huko mara nyingi lina tarehe ambayo mkasi uliikata mbele.