TAHADHARI: Muuza viko "vya Uturuki" hapa Dar

Wakuu, anayetafuta kiko cha kuvutia tumbaku mjini hapa awe macho. Kuna jamaa anatangaza WhatsApp na Instagram, anajiita muagizaji kutoka Uturuki. Duka lake halikamatiki: leo Kariakoo, kesho Sinza, keshokutwa mzigo umekwama Zanzibar. Ana viko vya mirishamu (lile jiwe jeupe) na vya braya (mti), na atakuuliza kwa upole kabisa unapendelea kipi. Usijisumbue kuchagua, vyote feki.

Mjomba wangu wa Magomeni kaletewa cha jiwe kwa 180,000. Boksi halifunguliwi mpaka ulipe, na kijana wa bodaboda ukimgombeza unamwonea bure, katumwa tu. Kichwa cha kiko ni sultani mwenye kilemba, na kuanzia sikioni hadi chini ya ndevu kuna mstari mwembamba ulionyooka. Huo ni mshono wa kalibu. Mirishamu ya kweli huchongwa kwa kisu ikiwa imeloweshwa maji. Nikafungua tangazo lake jingine, "kipo kimoja tu, kazi ya mkono": sultani yuleyule, ndevu zimemeguka palepale! Tukapasha sindano moto, tukachoma kitakoni. Ikazama, harufu ya plastiki ikajaa sebule. Sasa uweke moto mle ndani uvute?

Alipobanwa akageuza kibao, eti hilo ni jiwe la Sinya, kule Longido. Hapo ndipo alipojimaliza. Jiwe la Uturuki huchimbwa Eskişehir, ni jeupe na jepesi mno, likikauka huweza hata kuelea majini. La kwetu, la huko Sinya kwenye ukanda wa Amboseli, kwa kawaida ni zito zaidi na lina ukijivu au ukahawia. Ndilo lililotumika kwenye vile viko vya zamani vya Arusha vyenye chapa ya tembo. Chake ni cheupe pe na kizito, hakimo huku wala kule.

Hiyo braya nayo ni ubao wa kawaida uliopigwa rangi nzito na vanishi hadi ndani ya kichwa. Braya hutoka kwenye kivimbe cha mzizi wa mti wa Mediterania, huchemshwa kwa saa nyingi na kukaushwa kwa miezi, ndiyo maana hustahimili moto. Hata braya halali hutiwa rangi, ila chini yake utaona nyuzi: upande mmoja mistari, mwingine vidoto. Huyu anapaka rangi usione kitu. Ubao wa namna hiyo utatoboka kwa moto.

Anayeanza, mimi ningemwambia achukue braya, maana jiwe likianguka sakafuni ndiyo basi. Lakini akishike mkononi kwanza, ndipo atoe hela.

Namba ya jamaa tumeshaituma 15040 (ya kuripoti namba za matapeli), na RB ya polisi tunayo. Kama na wewe kakuliza, tunza meseji na risiti ya muamala, njoo inbox tuunganishe malalamiko.