Vidonge vya mchuzi: miezi mitano jikoni kwangu, Kigoma

Nilianza kununua vidonge vya mchuzi nyama ilipotushinda bei. Mwenye genge hapa Mwanga huviuza kimoja kimoja, kwa hiyo kujaribu hakukunigharimu pakiti nzima. Jirani yangu ana ndugu ng'ambo ya ziwa, Kalemie huko Kongo, naye huviita kube. Sombe, yaani kisamvu, hapiki bila hiyo.

Sufuria ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Maharage ya Kasulu nusu kilo, chumvi kwa mkono uliozoea, halafu vidonge viwili juu yake. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Ujiji. Tonge la kwanza akanyamaza, la pili akaomba maji. "Mwanangu, chumvi ya Uvinza yote umeimwaga humu?" Nikaongeza maji, nikatia viazi, wapi!

Ndipo nikaisoma ile karatasi. Maandishi yake ni ya kuumiza macho, lakini cha kwanza kabisa ni chumvi, na kilicho kingi ndicho hutangulia kuandikwa. Kwa vidonge vingi chumvi hufika nusu ya uzito au kuzidi. Kidonge cha gramu 4 basi kina gramu 2 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Mama mkwe ana presha. Hesabu hiyo ilinikosesha raha. Kinachofuata ni wanga, sukari, na mafuta ya mawese, haya haya ya kwetu, ila yamesafishwa hadi wekundu wote umetoka. Ladha ya nyama huletwa na glutameti. Kuku aliyechorwa juu ya karatasi, humo ndani ni wa kutafuta kwa tochi.

Sikuviacha. Nilibadili mkono tu. Sasa maharage nayachemsha bila chumvi kabisa mpaka yaive, nachota mchuzi wa moto kwenye upawa, navuruga kidonge kimoja humo, narudisha sufuriani na kuacha dakika kumi. Kimoja kwa nusu kilo kinatosha, na mchuzi unapata uzito ambao kitunguu peke yake hakiupi. Wali pia unakubali. Lengalenga, yaani mchicha, nusu kidonge, na hapo ni siku ambazo sina karanga.

Nilichokiona ni kwamba nyanya zikiwa zimeiva vizuri, tofauti inapungua sana. Si ajabu, maana nyanya mbivu ina glutameti yake ya asili. Nikipata nyanya nzuri sokoni sijisumbui na kidonge.

Kwenye samaki ndiyo sitaki kukisikia. Nilitia kimoja kwenye mgebuka uliovuliwa usiku uleule, mume wangu akauliza kama leo tumenunua kuku. Mgebuka wa Kibirizi, wa asubuhi, unataka mawese, kitunguu, ndimu na chumvi kidogo. Dagaa wakavu wananisamehe kidogo, hasa wale waliokaa dukani muda mrefu mpaka harufu ya ziwa imewatoka.

Kwa hiyo nitaendelea kununua, viwili kwa wiki. Mama mkwe akija Jumapili nampikia maharage ya nazi, na kopo la vidonge nalirudisha kabatini kabla hajafika, maana macho yake bado ni makali.