Astro City: toleo kwa toleo, au kitabu kizima?

Anayeisubiri sura inayofuata ya Astro City, mfululizo wa hadithi za katuni kuhusu jiji la mashujaa wenye nguvu za ajabu, ana njia mbili: anunue kila toleo linapotoka, au angoje kitabu kinachoyakusanya.

Kitabu kinasomeka mfululizo, hilo sibishi. The Dark Age, moja ya hadithi zake ndefu, ilitoka kwa matoleo 16 kati ya 2005 na 2010. Aliyeifuata toleo kwa toleo aliishi miaka yote hiyo akiwawaza ndugu wawili, Charles polisi na Royal kibaka, wanaomsaka muuaji wa wazazi wao. Ngoja ngoja ile iliumiza.

Hata hivyo, mimi nachagua toleo kwa toleo. Tangu 1995, mwandishi Kurt Busiek na wachoraji Brent Anderson na Alex Ross wanawaweka watu wa kawaida mbele, na mtu huhitaji nafasi ya kukuingia moyoni. Mchukue yule mwanamume anayemwota kila usiku mke ambaye vurugu za mashujaa zilimfuta kwenye historia. Anaambiwa anaweza kusahaulishwa. Anakataa, kisha anauliza wenzake waliofikwa na hayo walichagua nini. Hakuna aliyechagua kusahau. Ukishafika hapo, utafunuaje ukurasa uanze hadithi nyingine usiku uleule?