Ziara ya Hospitali ya Sili, Kaskazini mwa Uholanzi

Kituo hiki kinachotibu sili, mamalia wa baharini wanaokula samaki, wa Bahari ya Wadden iliyo kwenye pwani hiyo, hupokea wageni kwa tiketi, na ziara inayoongozwa na mhudumu ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Nyuma ya kioo tulimwona sili mchanga aliyekonda, akikohoa kwa nguvu hadi mbavu zikaonekana na makamasi yenye damu yakamtoka puani. Hiyo ni kazi ya minyoo ya mapafu, ambayo sili huipata kwa kula samaki waliobeba mabuu yake mara tu wanapoacha kunyonya na kuanza kujitafutia chakula.

Thamani kubwa ya ziara imo katika maelezo ya milipuko. Mwaka 1988 virusi vya distempa ya sili, vyenye undugu na virusi vya surua, viliua sili zaidi ya 18,000 Ulaya ya kaskazini. Mwaka 2002 vikarudi na kuua zaidi ya 20,000, na mara zote mbili ugonjwa ulianzia kisiwa cha Anholt nchini Denmark. Wengi walimalizwa na nimonia, kwa sababu virusi hivyo hudhoofisha kinga ya mwili na kuwafungulia bakteria njia ya mapafuni. Mhudumu alilihusisha jambo hilo na utafiti uliofanyika Uholanzi miaka ya 1990, ambapo sili waliolishwa samaki aina ya heringi wa Bahari ya Baltiki, wenye sumu za viwandani kama PCB, walipungukiwa na kinga kuliko wenzao waliokula heringi wa Atlantiki. Alikuwa mwangalifu, jambo ninalolisifu, kutosema kwamba sumu hizo ndizo zilizoleta mlipuko.

Upungufu upo kwenye maonyesho. Mafua ya ndege yametengewa bango dogo kwenye kona, ilhali mwaka 2023 aina ya H5N1 iliangamiza maelfu ya watoto wa sili-tembo, aina kubwa ya sili, huko Península Valdés, Argentina. Bango hilo halimwonyi hata mgeni asimkaribie sili anayepiga chafya ufukweni, ingawa virusi vya mafua ya sili viliwahi kuwaambukiza watu macho katika mlipuko wa Marekani wa 1979 na 1980. Onyo hilo lilistahili kuwa mlangoni.

Anayetaka kuelewa magonjwa ya mapafu aende miezi ya baridi, wagonjwa wa minyoo wanapokuwa wengi. Wakati wa kiangazi wanaotunzwa zaidi ni watoto waliopotezana na mama zao.