Saluni ya chini ya jiwe, Nyegezi: fundi kabadilika, kiti ni kilekile

Nimenyoa hapa miaka miwili, tangu nianze chuo upande wa Malimbe, kwa hiyo siandiki kama mtu aliyeingia mara moja akatoka na hasira. Ukishuka stendi ya Nyegezi hapa Mwanza, fuata njia ya nyuma inayopanda mlimani mpaka uone jiwe lililoinama kana kwamba linataka kuangukia bati. Mlango wa kijani, viti viwili, kioo kimoja chenye ufa. Kunyoa elfu tatu, ndevu elfu moja na mia tano. Kuna skrabu ya elfu mbili, siishauri, inawasha mpaka jioni.

Usafi nautetea. Wembe unafunguliwa kwenye karatasi yake mbele ya macho yako, na mashine inapigwa spiriti kabla haijakugusa. Desturi hiyo aliiacha fundi wa kwanza, Mkongo wa Goma, ambaye sote tulimwita Papaa. Kichwa kimoja alikuwa anakaa nacho dakika arobaini. Ukimharakisha anakujibu, "Kichwa haiko ya kukimbiza, mdogo wangu." Na mstari wa mbele aliuchonga bila kuusogeza nyuma. Vinyozi wengi wa mji huu wanakuanzishia upara ukiwa na miaka ishirini na mbili.

Runinga ya Papaa haikuwa ya mpira, ilikuwa ya habari. Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mimi ndiye niliyekuwa kitini. Alizima mashine. Nikabaki na shuka shingoni, upande mmoja umeshuka vizuri, upande wa pili msitu. Alisogea hadi karibu na kioo cha runinga, akagusa kona ya picha kwa kitana: nyuma ya lile lori, pale, ndiko kwa dada yake. Picha ikabadilika. Akaendelea kukitazama kitana. Sikulipia siku ile, alikataa hela.

Wiki iliyofuata nikamletea hoja zangu za semina. Nilikuwa nimeandika kwamba Tanzania iongeze askari kule, tena haraka. Mwaka 2013 si tulikwenda na Afrika Kusini na Malawi, kwenye kile kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kushambulia, na M23 wakakimbia? Papaa akaitikia kwa kichwa, akasema, "2013 tuliwapigia makofi. Mwaka huu tumefunga milango tu." Hakulaumu. Majeshi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, yalikuwa yameanza kufika mwishoni mwa 2023, ya kwetu yakiwemo, na Goma ilianguka yakiwa hukohuko. Machi 2025 SADC ikaamua kuyaondoa.

Kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja muuza nyavu wa Mwaloni, akaingilia. Machi 1979, anasema, ndege ya Libya ilikuja kupiga Mwanza kwa ajili ya Idi Amin. Bomu likaangukia Kisiwa cha Saanane, likaua swala. "Gaddafi yeye hatujui sisi, sisi hatumjui yeye, na swala hawamjui Amin!" Saluni nzima ikacheka. Nikamkumbusha kwamba Aprili ileile sisi tuliingia Kampala, na tulikaa Uganda mpaka 1981. Akasema hiyo ni tofauti, Amin ndiye aliyeanza. Kweli ndiye aliyeanza, Kagera, 1978. Ila tangu siku hiyo nikisikia nchi yoyote inasema askari wake wamekwenda kusaidia, nauliza kwanza nani aliyewaita. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba askari wa Rwanda wako Kongo kwa maelfu, Kigali inakana. Kwa 2013 sijabadili msimamo, tulifanya sawa. Ile semina tu ndiyo ningeiandika upya.

Sasa malalamiko yangu. Julai 2025 lilitoka agizo la kukataza wasio raia kufanya biashara 15: uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, saluni isipokuwa za hotelini au za utalii, na nyinginezo. Faini yake inaanzia shilingi milioni kumi. Mimi nilishangilia, nikifikiria kelele za wafanyabiashara wa Kariakoo dhidi ya wageni. Papaa sikumuwaza hata kidogo. Leseni yake ilikuwa halali, na agizo lilimwachia aendelee mpaka iishe. Ikaisha Novemba.

Na mimi ndiye niliyepaswa kujua. Kwetu ni Ngara, Kihangaza chetu na Kirundi ni kama mtu na nduguye, nimeulizwa "wewe Mrundi?" hata hapa chuoni. Baba alikuwa anatembea na kadi ya mpiga kura mfuko wa shati, hata shambani. Nchi hii hii mwaka 2014 iliwapa uraia wakimbizi wa Kirundi wa 1972 wapatao 162,000. Tukipeleka askari kwao tunawaita ndugu, akija mmoja na mashine yake ya kunyolea tunamwita mgeni, na yote mawili tumeyafanya ndani ya miaka miwili. Mwenye mtaji wa makontena na huyu wa kitana tumewaweka kapu moja.

Haya, niwe mkweli. Kiti kakishika dogo mmoja wa Misungwi aliyefundishwa na Papaa mwenyewe, na leo ndiye mwenye saluni. Bila lile agizo angekuwa bado anafagia nywele. Nilipomuuliza anajisikiaje, alipuliza mashine, akasema, "Kaka, inamisha kichwa."

Anachukua dakika kumi na tano. Pembeni anashusha vizuri, nyuma anaacha ngazi, mstari wa mbele bado mkono unamtetemeka. Runinga siku hizi ni bongofleva. Umeme ukikatika hana betri, unasubiri au unaondoka na kichwa nusu. Nampa nyota tatu. Papaa nilikuwa nampa tano, na dogo anasema mara ya mwisho Papaa alipompigia simu alikuwa Kampala, ananyoa.

Nendeni siku za kazi asubuhi. Jumamosi benchi linajaa mpaka nje chini ya jiwe, na bebeni elfu tatu kamili, chenji huwa hana.