Jozi 14 za leso kwa arobaini ya Bibi: tathmini ya duka moja la Mtaa wa Biashara, Mombasa

Bibi yetu alifariki akiwa na umri wa miaka 84, nyumbani kwake Kibokoni, wanawe wakiwa wamemzunguka. Arobaini yake ilipokaribia, mama na mashangazi zangu waliafikiana kwamba kila mwanamke aliyesimama nasi katika msiba ule, wakiwemo wanne waliomwosha na kumkafini, apewe jozi moja ya leso, yaani kanga. Hesabu ilifika jozi 14, na kazi ya kuzinunua nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye mjukuu niliyekuwa nikimfuata Bibi dukani tangu sijaanza shule. Ninalieleza duka hilo hapa kwa manufaa ya yeyote mwenye shughuli, iwe ya furaha au ya huzuni, anayetaka kuuziwa leso na mtu anayejua leso ni nini.

Ukitoka Mji wa Kale ukavuka Barabara ya Digo na kuingia Mtaa wa Biashara, utakuta maduka ya vitambaa yamefuatana pande zote mbili, leso zimening'inizwa milangoni juu hadi chini. Duka ninalolizungumzia ni jembamba, kiasi kwamba wateja watatu wakiingia wa nne husubiri barazani, na barazani hapo ndipo fundi alipoweka cherehani yake ya kukanyaga. Muuzaji ni mzee wa makamo ya mama yangu, aliyelirithi duka kwa babake, na Bibi alikuwa mteja wa baba huyo kabla ya kuwa mteja wake.

Ni vigumu kulieleza duka hili bila kumweleza Bibi. Kila alipokwenda alinunua jozi mbili za aina moja, hata mwezi aliokuwa na fedha za jozi moja tu. Ile ya pili angeikopa, na angeilipa kidogo kidogo. Moja ilikuwa yake na moja alisema ni "ya mtu", na mtu huyo hakuwa na jina bado. Aliiweka kashani pamoja na maua ya asumini yaliyokauka mpaka siku atakaposikia kwamba msichana fulani wa mtaani amejifungua, au jirani amefiwa, au mgeni amefika kutoka Lamu na nguo zake zimelowa chomboni. Hapo kasha hufunguliwa. Tulipolifungua baada ya mazishi tulikuta jozi tisa ambazo hazijaguswa maji, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kusema kwamba zilikuwa mali ya urithi, kwa sababu sote tulijua kuwa zilikuwa za watu ambao hawajafika.

Nilifika dukani siku ya Jumatatu asubuhi. Kabla sijataja haja yangu mzee aliinuka, akasema, "Pole sana, mwanangu. Mungu amrehemu Bi Mkubwa," kisha akaniletea kigoda na kikombe cha kahawa tungu, na hatukuzungumza biashara mpaka kahawa ilipokwisha. Wengine wanaweza kuona kwamba huko ni kupoteza muda. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye duka jingine, ambalo sitalitaja, ambako nilinunua jozi mbili za majaribio kwa bei nafuu na nikaharakishwa nitoke. Zilipofuliwa mara ya kwanza zilichuja rangi mpaka zikaharibu nguo nyeupe ya shangazi yangu. Kwa hiyo nilikithamini kile kikombe.

Nilivutiwa na leso ya buluu yenye maua ya korosho kwenye pindo, rangi ambayo Bibi aliipenda. Nilikwisha kusema nataka 14 za hiyo. Mzee hakuishusha. Aliikunjua mbele yangu, akaweka kidole chini ya jina la leso, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, akaniambia nisome kwa sauti. Ilikuwa imeandikwa "Hasidi hana sababu". Akasema kwa upole, "Hii hununuliwa na mtu mwenye neno na mwenzake. Huwezi kumpa mtu aliyemwosha bibi yako." Niliona haya, kwa sababu Bibi alinifundisha tangu utotoni kwamba leso husomwa kabla ya kuvaliwa, na kwamba wanawake wa mji huu wamewahi kugombana miaka mingi kwa jina la leso lililopitishwa mlangoni kwa mtu. Muuzaji mwingine angepokea fedha zangu na kuninyamazia. Tukachagua pamoja leso nyekundu ya damu ya mzee yenye jina "Wema hauozi", nami sijui neno gani jingine lingemfaa zaidi.

Kuhusu ubora wa bidhaa, nilizikagua kwa namna nilivyofundishwa. Ni pamba tupu, na rangi imepenya hadi upande wa nyuma, hivi kwamba ukiigeuza huoni tofauti kubwa kati ya nje na ndani. Mji, yaani ile sehemu ya katikati, umekaa sawasawa na pindo halijapinda upande. Leso mpya huwa ngumu kwa sababu ya wanga wa kiwandani, na mzee alinikumbusha nizilaze katika maji ya chumvi kabla ya kuzifua na nizianike kivulini. Tulifanya hivyo kwa jozi moja, na maji yalitoka na wekundu kidogo mara ya kwanza, kisha yakawa meupe. Bei ilikuwa shilingi 650 kwa jozi, ambayo si ya chini kabisa mtaani, pamoja na shilingi 60 za kukata na kupinda.

Fundi anastahili maneno yake peke yake. Leso hutoka kiwandani vipande viwili vikiwa vimeungana, na mkasi ukienda kombo kipande kimoja hubaki na pindo jembamba kuliko mwenzake, kasoro ambayo haiwezi kurekebishwa. Jozi 14 ni vipande 28, na kila kipande kina ncha mbili za kukunjwa. Nilivipima vyote nyumbani kimoja juu ya kingine, wala sikuona hata kimoja kilichokatwa vibaya.

Nilikuwa nimebeba pia leso ya kisutu ya Bibi, ile aliyojifunga alfajiri ya siku yake ya mwisho, ambayo ilikuwa imefumuka upande mmoja. Weusi wake umekuwa kama majivu na wekundu umekaribia kuwa rangi ya udongo, na kitambaa kimelainika mpaka kikiwekwa mkononi hukisikii. Fundi aliusogeza ule upindo karibu na macho, akaufuata kwa kidole gumba kutoka ncha hadi ncha, akasema, "Mshono huu ni wa mkono wangu." Alinionyesha namna anavyorudisha sindano mara mbili kwenye pembe, jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi kwa kuwa hula uzi. Kisha akatafuta katika kopo lake uzi uliopauka, kwa maelezo kwamba uzi mpya mweusi ungeonekana kama kovu, akaushona kwa mkono badala ya cherehani ili asiuumize uzee wa kitambaa. Alikataa malipo. Nilipomsisitizia alisema kwamba Bibi alimlisha mahamri na mbaazi kila alipopita hapo asubuhi, na kwamba deni hilo bado liko upande wake.

Upungufu upo, na ni haki niuseme. Mzee alikuwa na jozi 11 tu za leso tuliyoichagua, akaahidi kwamba tatu zilizobaki zingefika Jumanne. Zilifika Alhamisi jioni, na arobaini yetu ilikuwa Jumamosi, hivyo mama hakupata usingizi siku mbili. Duka halitoi risiti mpaka uiombe. Ijumaa hufungwa kwa ajili ya sala na halifunguliwi tena mpaka alasiri. Hakuna mahali pa kuegesha gari, kwa hiyo mwenye mzigo mkubwa aje na mtu wa kumsaidia kubeba. Mwenye shughuli ya tarehe maalumu ninamshauri aagize wiki mbili kabla, na apige simu kukumbusha.

Siku ya arobaini hitima ilisomwa baada ya alasiri, udi ukafukizwa, na kabla ya chakula mama alizigawa leso kwa mkono wake mwenyewe, akianza na wale wanne. Mkubwa wao, ambaye alicheza na Bibi utotoni, hakuiweka mkobani kama wengine. Aliikunjua papo hapo, akasoma jina lake kimoyomoyo huku midomo ikitikisika, akajifunga kipande kimoja kiunoni na kingine akajitanda kichwani, akaingia jikoni kupakua pilau akiwa ameivaa hivyo hivyo, mpya na yenye wanga wake.

Zile jozi tisa za kashani tumezirudisha mahali pake, na mbili tayari zimekwenda kwa wenyewe. Binamu yangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, inshallah. Jana nilipita Mtaa wa Biashara kumuuliza mzee kama amepokea mzigo mpya, naye akaniuliza ninataka jozi ngapi. Nilimwambia mbili, na akaziweka kando bila kuniuliza ya pili ni ya nani.