Kuboresha baiskeli ya milimani Dodoma: kipi kinunuliwe kwanza na kipi kisubiri

Ukitoka mjini Dodoma kwa baiskeli upande wowote, iwe ni kupanda vilima vya Ntyuka, kuelekea bwawa la Hombolo kwa kupita kando ya mashamba ya zabibu, au kufuata njia za ng'ombe nyuma ya Chuo Kikuu, haitapita nusu saa kabla hujakutana na maadui watatu wa baiskeli katika kanda hii, yaani mwiba, vumbi na mchanga wa makorongo. Matope ni ya msimu wa mvua tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na hata wakati huo ardhi hukauka upesi. Ninaitaja hali hii mapema kwa sababu ushauri mwingi wa kuboresha baiskeli za milimani umetoka katika nchi za mvua na misitu, na anayeufuata hapa bila kuupima hujikuta amenunua shokapu za gharama kubwa, kisha anarudi nyumbani kwa miguu akiikokota baiskeli yenye pancha mbili.

Mpangilio ufuatao unafuata faida atakayoipata mwendeshaji wa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa au Singida kwa kila shilingi atakayoitoa. Nimemchukulia mtu mwenye baiskeli ya kawaida ya gia, mpya ya bei ya kati au ya mtumba, ambayo fremu yake ni nzima na haina ufa.

Nafasi ya kwanza: helmeti

Helmeti haiongezi mwendo wala haipunguzi uzito, lakini hakuna kifaa kingine ninachoweza kukiweka juu yake kwa dhamiri safi, kwa kuwa miamba ya vilima vyetu ni ya mawe magumu na mteremko wa changarawe humwangusha hata mzoefu. Unapoinunua, tazama ndani yake kama ina alama ya kiwango, ambayo kwa zilizotengenezewa soko la Ulaya ni EN 1078 na kwa Marekani ni CPSC, kisha tafuta tarehe ya kutengenezwa. Ivae, uhakikishe ukingo wake uko upana wa vidole viwili juu ya nyusi, na utikise kichwa kabla ya kufunga mkanda. Ikicheza, hiyo si saizi yako, hata kama muuzaji atakuambia kwamba itakaa vizuri ukiizoea.

Naomba msomaji asinunue helmeti ya mtumba. Povu gumu lililo ndani hufanya kazi kwa kubonyea mara moja wakati wa ajali, na likishabonyea au kupata ufa halirudi katika nguvu yake, ilhali ganda la nje linaweza kuonekana zima kabisa na hata kung'aa. Kwa sababu hiyo hiyo, helmeti iliyopiga chini pamoja na kichwa chako hubadilishwa, haihifadhiwi kwa ajili ya mdogo wako.

Nafasi ya pili: matairi na kinga ya miiba

Hapa ndipo sehemu kubwa ya bajeti inapostahili kwenda, na hapa ndipo nitakaa kwa muda mrefu zaidi.

Anayeishi Dodoma anaijua mbigili, ule mmea unaotambaa chini kwenye mchanga na kutoa maua madogo ya manjano baada ya mvua. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vitano, na kila kipande kina miiba miwili mirefu na mingine mifupi iliyopangwa kwa namna ambayo, kikianguka vyovyote vile, hubaki na mwiba unaotazama juu. Mwezi mmoja wa Juni niliiegesha baiskeli chini ya mbuyu karibu na Hombolo, nikalizungusha tairi la mbele polepole na kuvihesabu vipande vya mbigili vilivyojichomeka kwenye mpira: vilikuwa kumi na saba. Mwiba wa mgunga ni mrefu na mgumu zaidi, lakini huonekana njiani na unaweza kukwepwa. Mbigili haikwepeki.

Zipo njia nne za kujikinga, nami nazipanga kuanzia iliyo bora.

Ya kwanza ni matairi yasiyotumia tyubu, ambayo mafundi wa magari huyaita tyubulesi, yakiwa na dawa ya kuziba ndani yake. Mwiba unapotoboa, dawa hukimbilia tundu na kuganda, na mara nyingi mwendeshaji hajui kilichotokea hadi atakapoona alama nyeupe juu ya mpira. Faida ya pili ni kwamba unaweza kupunguza upepo bila kuogopa tyubu kubanwa kati ya rimu na jiwe, jambo linalosaidia sana kwenye mchanga. Sharti lake ni kwamba rimu na tairi vyote viwe vimetengenezwa kwa ajili hiyo, na rimu ivalishwe utepe maalumu unaofunika matundu ya spoku. Kwa joto na ukavu wa hapa dawa hukauka ndani ya miezi michache, hivyo ikague kila baada ya miezi miwili na kuongeza. Tairi moja huhitaji mililita 100 hivi.

Ya pili, kwa wale ambao rimu zao haziruhusu, ni kutia dawa kama hiyo ndani ya tyubu ya kawaida. Kabla ya kununua, hakikisha moyo wa valvu unatoka, kwani dawa haipiti vizuri kwenye valvu iliyofungwa. Valvu inayofanana na ya pikipiki hufunguka kwa kifaa kidogo ambacho kila fundi wa pikipiki anacho, na kwa mtu anayesafiri vijijini ndiyo valvu ninayoipendelea, kwa kuwa pampu yake haikosekani.

Ya tatu ni ukanda mgumu wa plastiki unaolazwa kati ya tairi na tyubu. Huzuia mbigili vizuri, lakini huongeza uzito, na ncha zake zisipolainishwa zinaweza zenyewe kuikwaruza tyubu hadi itoboke.

Ya nne na ya mwisho ni tyubu nene. Watu wengi huanza nayo kwa sababu ni rahisi kuipata, lakini mwiba mrefu wa mgunga huipenya kama tyubu nyingine, na uzito wake unausikia kila unapopanda kilima.

Ukiwa na dawa ndani, mwiba ung'oe papo hapo, uzungushe gurudumu hadi tundu liwe chini, usubiri kidogo. Ukiwa na tyubu isiyo na dawa na bado upepo umo, uache mwiba ulipo hadi ufike kwenye kivuli chenye nafasi ya kuziba, kwa kuwa mara nyingi mwiba wenyewe ndio unaoziba tundu.

Kuhusu tairi lenyewe, chagua upana wa inchi 2.2 hadi 2.4 iwapo fremu yako ina nafasi, lenye vifundo vya wastani vilivyokaribiana katikati na vikubwa zaidi pembeni, na lenye kuta zilizoimarishwa, kwani mawe makali ya vilimani hukata ubavu wa tairi, na mkato wa ubavuni mara nyingi dawa hushindwa kuuziba. Fedha ikitosha tairi moja tu, nunua la mbele, kwa kuwa gurudumu la mbele likiteleza huna namna ya kujiokoa. Upepo nao una gharama ndogo na faida kubwa: mtu wa kilo 70 mwenye tyubu aanze na psi 30 hivi (psi ni kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji ya pampu), asiye na tyubu aanze na 25, kisha apunguze kidogo kidogo anapoingia kwenye mchanga. Mafundi wengi wa kando ya barabara hujaza hadi tairi liwe gumu kama jiwe, nao hufanya hivyo kwa nia njema. Waombe waache mapema.

Mtego mmoja umewapotezea watu fedha nyingi. Usiamini namba ya inchi peke yake. Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zenye mstari kati yake, kwa mfano 57-559, na ile ya pili ndiyo kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Baiskeli za inchi 26 zina 559, za inchi 27.5 zina 584, na za inchi 29 zina 622. Baiskeli kubwa za kubebea mizigo zinazoitwa za inchi 28 zina 635, maana yake rimu ya 28 ni kubwa kuliko ya 29, na tairi la moja haliingii kwenye nyingine. Andika namba ya baiskeli yako kabla ya kuagiza mzigo kutoka Kariakoo, kwa sababu kurudisha tairi kwa basi ni usumbufu usio na sababu.

Nafasi ya tatu: breki

Kabla ya kununua mfumo mpya, badilisha pedi za breki, waya na maganda yake. Vumbi likishaingia kwenye ganda la waya, breki nzuri huwa nzito na dhaifu, na mwenye baiskeli hudhani breki yote imekwisha. Kwa breki za diski zinazovutwa kwa waya, marekebisho hayo yanatosha kwa njia nyingi za kanda hii, na fundi yeyote makini anaweza kuyafanya.

Ukiamua kuhamia breki za mafuta, chagua zinazotumia mafuta ya madini, kama zile za Shimano na Tektro, badala ya zinazotumia mafuta ya aina ya DOT, ambayo ndiyo ya breki za magari. Aina hizi mbili hazichanganywi hata tone. Nilishampa fundi mmoja baiskeli yangu, akaongezea mafuta ya breki ya gari kwenye breki iliyohitaji mafuta ya madini. Ndani ya siku chache mipira ya ndani ilivimba na levya ikagoma kurudi, nami nikalazimika kununua breki nzima. Tangu hapo nimeandika aina ya mafuta kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha gundi juu ya usukani. Saizi ya diski ya milimita 180 mbele na 160 nyuma inamtosha mwendeshaji wa kawaida. Usiishike diski kwa vidole vyenye grisi, kwani pedi ikinyonya mafuta hairudi kuwa nzima.

Nafasi ya nne: cheni na mafuta yake

Cheni mpya ndiyo ununuzi unaookoa fedha nyingine. Chukua rula ya chuma, uiweke sifuri katikati ya pini moja, uhesabu viungo 24. Cheni mpya itasoma milimita 304.8. Ikifika karibu 307 ibadilishe. Ukiiacha hadi ikakaribia 308, itakuwa imeshayala meno ya kaseti, yaani rundo la sahani za gia kwenye gurudumu la nyuma, na cheni mpya juu ya kaseti iliyolika huruka unapokanyaga kwa nguvu kilimani. Cheni za gia 6, 7 na 8 za nyuma ni za aina moja, jambo linalorahisisha kuzipata.

Mafuta ya cheni yawe mepesi au ya nta. Oili chafu ya injini isitumike kamwe, kwa sababu imebeba chembe za chuma na inavuta vumbi hadi cheni ikawa kama msasa. Mafuta ya cherehani yanafaa pale ambapo mafuta maalumu hayapatikani, mradi utie tone moja kwa kila kiungo, usubiri, kisha ufute kwa kitambaa hadi cheni ionekane kavu kwa nje.

Nafasi ya tano: vinavyogusa mwili

Glavu, miwani na pedali pana zenye pini ndogo za kushika soli ni vitu vya bei ya wastani vinavyobadilisha safari nzima. Miwani inunuliwe yenye kioo kinachobadilishwa, cheusi kwa mchana na cheupe kwa jioni, kwani upepo wa kiangazi hubeba vumbi na matawi ya migunga hufika usawa wa macho. Unapofunga pedali, kumbuka kwamba ya kushoto imekatwa hesi kinyume na ya kulia, na wengi wameharibu krenki, yaani mkono unaobeba pedali, kwa kulisahau hilo. Ongeza mkoba wa mgongoni au chupa zitakazobeba angalau lita 2 za maji, maana kati ya kijiji na kijiji jua ni kali na maduka ni machache.

Nafasi ya sita: gia

Baiskeli yenye gia tatu za mbele si mbovu kwa sababu tu mpya zina moja. Badilisha mfumo wa gia pale tu kaseti, cheni na sahani za mbele zimelika kwa pamoja, na hapo uliza kwanza kama gurudumu lako la nyuma lina friwili ya kuzungushwa kwa hesi au kaseti ya kuchomekwa, kwa sababu kimoja hakikai mahali pa kingine. Kaseti ambayo sahani yake kubwa ina meno 34 au zaidi itakusaidia kupanda Ntyuka ukiwa umekaa.

Nafasi ya mwisho: shokapu za mbele

Najua ndicho kifaa ambacho vijana wengi hukitamani kwanza. Shokapu nzuri ya upepo inaweza kugharimu zaidi ya baiskeli yenyewe ya mtumba, mipira yake inahitaji kusafishwa na kutiwa mafuta mara kwa mara katika vumbi hili, na vipuri vyake haviuzwi kila duka. Anayeinunua lazima alinganishe saizi ya gurudumu, aina ya ekseli, unene wa bomba la usukani, ambalo kwa baiskeli za zamani ni inchi 1⅛ kutoka juu hadi chini, na urefu wa mwendo wa shokapu, ambao usizidi ule wa zamani kwa zaidi ya milimita 20. Shokapu za springi za bei rahisi, ambazo nyingi huzidi kilo 2, hazina nafuu juu ya uma mgumu, yaani usio na shokapu, wenye tairi pana lililojazwa upepo unaofaa. Kama unayo tayari, ifute miguu yake kwa kitambaa kikavu kila urudipo, kabla vumbi halijashuka chini ya mpira.